Hukumu Tusiyoikubali

Mara nyingi watu hutuuliza swali hili baada ya Misa ya Dominika, au njiani tukitoka shuleni: Mkristu aliyeshindwa katika tribinali, je, yampasa kunyamaza na kuipokea hukumu, hata akiona kwamba haki yake haikuonekana? Au anayo ruhusa ya kuikataa? Wenye kuuliza si watu wa kupenda ugomvi. Ni wazazi, wajane na wafanya kazi, wenye kesi ndogo zisizotajwa na magazeti: deni la mbuzi, kodi ya nyumba, mifuko ya saruji, cherehani iliyouzwa kwa watu wawili. Machoni pa mji kesi hizo si kitu. Lakini kwa mwenyewe ni chakula cha watoto.

Tumeona majibu mawili ya kawaida, na yote mawili hayatupendezi. La kwanza ni la mtu anayekunja karatasi ya hukumu, akaitia sandukuni na kusema kwamba amemwachia Mungu. Kumbe moyoni anaanza kumchukia jirani yake, hakimu wake na serikali yake. Huo si unyenyekevu, ni jeraha lililofungwa kabla ya kuoshwa. La pili ni la mtu anayetoka tribinalini akipiga makelele kwamba hakimu amekula fedha. Na usiku anatafuta askari wa kumtisha mwenzake, au mganga, au bahasha ya kumpelekea hakimu mwingine. Huko si kutetea haki, ni kuweka uovu juu ya uovu.

Iko njia ya tatu. Ni njia ya wazi, yenye mlango wake, siku zake na adabu yake. Jina lake ni rufani. Twataka kuieleza hapa kwa sababu sisi wenyewe tuliipita, kwa ajili ya mabati ishirini.

MABATI ISHIRINI

Mwaka 2021, sisi na mama watoto tulikuwa tumekwisha kusimamisha kuta za nyumba yetu, katika mtaa mmoja wa mji wetu hapa Katanga. Matofali tuliyafyatua na kuyachoma wenyewe pamoja na watoto wakati wa likizo. Yalibaki mabati. Jirani mmoja, mkristu wa parokia yetu, alikuwa na mabati aliyoyanunua kwa nyumba ambayo mwishowe hakuijenga. Tukapatana: mabati arobaini, kila moja dola 10, jumla dola 400. Mshahara wa mwalimu hauwezi kulipa fedha hizo kwa mara moja. Basi tulilipa dola 200 tarehe 5 Juni, tukachukua mabati ishirini. Na dola 200 nyingine tulizilipa tarehe 10 Julai. Kila mara jirani aliandika stakabadhi kwa mkono wake, akaweka tarehe na sahihi. Mabati ishirini ya pili, alisema, yalikuwa yamewekwa kwa mdogo wake, naye angeyaleta kabla ya mvua.

Huku kwetu mvua huanza kuelekea Oktoba na Novemba, nayo haimngoji mtu. Agosti ikapita, hatukuona kitu. Septemba tukasikia neno lililotushangaza: eti alipokea dola 200 mara moja tu, na mabati aliyokwisha kutupa yalimaliza maneno yote. Tulikwenda kwake mara mbili pamoja na wazee wa jumuiya yetu ndogo, kwa maana hatukutaka kumshitaki ndugu kabla ya kuzungumza naye. Hakubadilika. Ndipo tulipopeleka shauri letu kwenye Tribinali ya Amani.

Mwishoni mwa Novemba hukumu ilisomwa, nasi tukashindwa. Hakimu alisema kwamba stakabadhi mbili zina kiasi kimoja, mwandiko mmoja na maneno yaleyale. Hivi ile ya pili ni marudio ya ile ya kwanza, wala si dalili ya malipo mengine. Tukaamriwa kulipa gharama za kesi. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Nusu ya nyumba ilikuwa na mabati, nusu ilifunikwa kwa turubai. Watoto watano walilala katika chumba kimoja, pamoja na ndoo za kukingia maji na madaftari ya wanafunzi wetu.

WASHAURI WATATU

Mtu akipata msiba wa namna hii, washauri hawakosekani. Kwetu walikuja watatu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mwenzetu. Alitwambia: "Mwalimu, hukumu hii imenunuliwa. Nawe nunua ya kwako, maana ndiyo desturi." Tukamwuliza: nani aliyeona fedha zikitolewa? Hakuwa na jibu, ila kwamba kila mtu anajua. Tena tukafikiri: kama leo tunainunua haki kwa sababu tunazo franga chache, kesho mjane asiye na kitu atainunua kwa nini? Mwenye kutoa rushwa hupandisha bei ya haki kwa maskini wote watakaomfuata mlangoni.

Wa pili alikuwa mjomba wetu kutoka kijijini, mtu wa makamo na mwenye hasira ya haraka. Alisema: "Mwanangu, karatasi haizuii mvua. Chukua vijana wanne, mpande juu ya nyumba yake, mshushe mabati yenu." Tulimheshimu kama inavyotupasa kumheshimu mjomba, tukampa kiti na chai, lakini vijana hatukuwaita. Anayejilipa kwa nguvu hugeuka mshitakiwa, hata kama jana alikuwa mwenye haki.

Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Legio ya Maria, nasi twakiri kwamba neno lake lilikuwa gumu kuliko yote. "Baba," alisema, "samehe. Mambo haya ni ya dunia. Mnakula kwenye meza moja ya Bwana." Usiku kucha tulilifikiri neno lile. Mwishowe tuliona hivi: anayesamehe deni hujua kwamba ni deni, na mdaiwa naye hujua. Lakini hukumu ile ilisema deni halipo; tena kwa kusema hivyo ilituonyesha mbele ya mtaa wote kama watu wanaotaka kupewa mali mara mbili kwa fedha moja. Mwalimu aliyeitwa mwongo atawafundishaje watoto amri ya nane? Tena mabati yale hayakuwa yetu peke yetu hata tuyatoe zawadi. Yalikuwa kinga ya watoto wetu. Tungeweza kumsamehe jirani, na hilo tuliliomba kila jioni katika sala ya nyumbani. Lakini kusamehe na kuuacha uongo uandikwe kuwa kweli, hayo ni mambo mawili mbalimbali.

MFANO WA WATAKATIFU

Katika Maandiko Matakatifu tulipata nguvu. Mtume Paulo, alipoona kwamba gavana Festo anataka kumpeleka Yerusalemu, na adui zake walikuwa wanapanga kumvizia njiani, hakutoroka wala hakutoa fedha. Alisimama pale Kaisaria mbele ya kiti cha hukumu, akatumia haki aliyokuwa nayo raia wa Roma, akaomba kusikilizwa na Kaizari. Habari hiyo imeandikwa katika sura ya 25 ya Matendo ya Mitume. Ni kweli, Paulo huyohuyo aliwakemea Wakorinto kwa sababu walishitakiana mbele ya wapagani bila kumtafuta kati yao mtu mwenye hekima wa kuwapatanisha. Basi, twaona utaratibu: kwanza ndugu, halafu wazee, halafu tribinali, na tribinali ikikosea, tribinali ya juu.

Mkumbukeni pia Susana katika kitabu cha Danieli. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa kufa kwa ushuhuda wa wazee wawili, wala hapakuwa na mtu wa kumtetea. Kijana Danieli alifanya nini? Hakuwapiga mawe mahakimu. Aliomba kesi irudiwe, akawatenga wale mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja jina la mti. Mmoja akataja mti huu, wa pili mti mwingine. Kwa neno hilo moja hukumu nzima ikaanguka. Susana hakuokolewa na makelele, bali na swali dogo lililoulizwa mahali panapostahili.

Na katika historia ya Kanisa yuko Mtakatifu Yohana wa Arko. Mwaka 1431 tribinali ya watu wa Kanisa ilimhukumu huko Rouen, Ufaransa, akachomwa moto. Mama yake, mwanamke wa kijijini, hakunyamaza. Aliomba kesi ya binti yake itazamwe tena, Papa Kalisto wa Tatu akakubali, mashahidi wengi wakasikilizwa. Na tarehe 7 Julai 1456 hukumu ile ya zamani ikatangazwa kuwa batili. Miaka 25 ilikuwa imepita, binti hakurudishwa, lakini jina lake lilirudishwa. Hata leo sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983, humpa mtu aliyeshindwa katika tribinali ya Kanisa siku 15 za kukata rufani. Kama Kanisa Mama yetu lakubali kwamba mahakimu wake waweza kukosea, nani atasema kwamba rufani ni uasi?

SHERIA YA NCHI YASEMAJE

Wasomaji wengi hudhani kwamba kukata rufani ni jambo la matajiri na la watu wa Kinshasa. Sivyo. Katiba ya Jamhuri yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yaeleza katika kifungu cha 21 kwamba kila hukumu lazima iandikwe na kutoa sababu zake, isomwe mbele ya watu wote, na kwamba kila mtu anayo haki ya kuipinga kwa kufuata sheria. Angalieni vema neno hili la sababu. Hakimu hawezi kusema tu: wewe umeshinda, wewe umeshindwa. Yampasa kuandika kwa nini. Ndipo mlango wa rufani ulipo, maana anayepinga hukumu hupinga sababu zake.

Kesi zetu ndogo husikilizwa kwanza na ile tribinali ambayo juu ya mlango wake imeandikwa Tribunal de Paix, yaani Tribinali ya Amani. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 imeipa mamlaka juu ya mambo ya jamaa, urithi na mashamba ya desturi. Na tena juu ya madai mengine ambayo thamani yake haipiti franga 2 500 000. Juu yake iko Tribunal de Grande Instance, nasi hapa tutaiita Tribinali Kubwa. Hiyo ndiyo inayosikiliza rufani. Haitazami tu kama maneno ya sheria yalifuatwa. Yaweza kuitazama kesi yote upya, pamoja na vyeti na mashahidi.

Siku za rufani ni 30. Kama mlikuwapo wote wawili katika kesi, siku hizo huanza kuhesabiwa tangu hukumu iletwe kwenu rasmi na mjumbe wa tribinali, nyumbani au mkononi mwa mwenyewe. Hivi, mjumbe akija, msijifiche nyuma ya nyumba kama wengine wafanyavyo! Pokeeni karatasi, andikeni siku hiyo ukutani kama mnavyoandika siku ya ubatizo wa mtoto. Siku thelathini zikipita, hukumu mbaya hugeuka jiwe, hata Danieli mwenyewe hangeweza kuifungua.

Wengine huhukumiwa bila kuwapo, kwa sababu walikuwa safarini au wito haukuwafikia. Kwao iko njia nyingine kabla ya rufani: kurudi mbele ya tribinali ileile na kuomba isikilize upande wao pia. Siku zake ni 15 tu baada ya kuletewa hukumu mkononi. Twaomba mlishike neno hili, maana watu wengi hupoteza shamba au nyumba wakidhani kwamba aliyehukumiwa bila kuwapo hana la kufanya.

KUSOMA HUKUMU

Tulipokuwa seminarini, padri aliyetufundisha Kilatini alikuwa na kanuni moja: msifasiri kabla ya kukiona kitenzi. Alichukia sana mwanafunzi anayebahatisha maana kwa kutazama maneno mawili ya kwanza. Kanuni hiyo ilitusaidia kuliko tulivyotazamia.

Tuliomba nakala ya hukumu kwa karani wa tribinali, tukalipa ada yake, tukaketi mezani chini ya ile nusu ya nyumba iliyokuwa kavu. Tuliisoma mara tatu. Mara ya kwanza tuliona matusi tu, ingawa hayakuwamo. Mara ya pili tuliona hoja. Mara ya tatu tuliona mahali penyewe. Hakimu alilinganisha kiasi, mwandiko na maneno ya stakabadhi mbili. Juu ya tarehe hakusema hata neno moja. Lakini tarehe ndizo zilizokuwa tofauti! Malipo ya tarehe 5 Juni hayawezi kuwa malipo ya tarehe 10 Julai.

Kwa nini hakuziona? Tulikwenda tena kwa karani, tukaomba kutazama dosie. Pale tukapata jibu ambalo mtaa mzima haukulifikiri. Kila karatasi inayoingia katika dosie hupigwa muhuri na kupewa namba. Juu ya fotokopi ya stakabadhi ya pili, muhuri ulikuwa umeangukia mahali pa tarehe, wino mwingi, hata siku na mwezi havikusomeka tena. Hakimu mwenye kesi nyingi mezani aliona karatasi mbili zinazofanana kama mapacha, akahukumu kadiri ya macho yake. Hapakuwa na bahasha. Palikuwa na wino.

Wasomaji wapenzi, tafakarini neno hili. Kama tungalimfuata mshauri wa kwanza, tungalimpa mtu fedha ili aondoe uovu ambao haukuwako, na wino ungalibaki palepale. Na kama tungalitangaza katika mtaa kwamba hakimu ni mwizi, tungalimsingizia mtu. Hatusemi kwamba rushwa haiko katika nchi yetu. Mwenye macho anaiona. Twasema kwamba anayetaka kuivunja hukumu yampasa kwanza kuisoma. Mpinzani wake si mtu, ni sentensi fulani katika karatasi.

KUPELEKA RUFANI

Tarehe 14 Desemba mjumbe alituletea hukumu rasmi. Tarehe 22, siku tatu kabla ya Noeli, tulikwenda kwa karani wa Tribinali Kubwa na kutangaza rufani. Rufani haipelekwi kwa maneno barazani. Karani huiandika katika kitabu chake, au huipokea kwa barua ya posta iliyoandikishwa. Yapasa pia kuweka mezani nakala halali ya hukumu inayopingwa. Bila nakala hiyo rufani nyingi hukataliwa, hata kama mwenyewe ana haki kama mlima.

Tulisaidiwa na mtetezi mmoja anayeruhusiwa kusimama mbele ya tribinali hizi. Alitufundisha mambo matatu. Kwanza: huko juu huwezi kuleta dai jipya ambalo hukulileta chini, aliyedai mabati hawezi sasa kudai shamba. Pili: aweza kuleta dalili bora kwa dai lilelile. Tulileta stakabadhi yenyewe, ile ya asili, isiyoguswa na muhuri. Tatu: maneno machache. Alitukumbusha kanuni ya zamani iliyomo katika sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo nchi yetu imeirithi: anayedai deni alithibitishe, na anayesema amekwisha kulipa athibitishe malipo. Sisi tulikuwa na karatasi ya kila malipo. Jirani alikuwa na maneno tu kwamba karatasi moja iliandikwa mara mbili.

Hatutaficha kwamba njia hii ina gharama: ada za karani, nauli, nakala, siku za kazi. Asiye na uwezo kabisa aweza kumwomba hakimu amsamehe gharama, wote au sehemu, akionyesha umaskini wake. Na katika majimbo mengi ya Kanisa iko Tume ya Haki na Amani inayoweza kumshauri. Lakini mwenye akili hupima kwanza. Kama kitu chenyewe ni kuku mmoja, na rufani itakula mbuzi, afadhali kumaliza maneno mbele ya wazee. Sisi tulipima mabati ishirini, jina letu mbele ya wanafunzi, na mvua mbili zilizobaki. Tukaona kwamba mzani unaelekea upande wa rufani.

KUNGOJA PAMOJA NA MPINZANI

Sehemu ya njia iliyotushinda nguvu zaidi haikuwa tribinali, ilikuwa kanisa. Kila Dominika jirani alikuwa pale, benchi ya nne upande wa kuume. Wakati wa kupeana amani twafanye nini? Mama watoto alikata neno kabla yetu. Dominika ya kwanza ya Januari alivuka njia ya katikati, akampa mkono mke wa jirani. Hakumwambia lolote juu ya mabati. Njiani alitwambia: "Kesi iko kwa karani. Huyu mama haimo katika dosie." Tangu siku ile tukashika desturi hiyo: kusalimiana kila siku, kutosema habari za kesi penye watu, kutowaruhusu watoto wetu kugombana na watoto wao. Wengine walitucheka, wakidhani kwamba tumeogopa. Lakini rufani haimwondolei mtu kazi ya kuwa jirani.

Mvua zilizobaki tulizipita chini ya turubai. Mtoto wetu mdogo aliugua kifua mwezi wa Februari, akapona. Machi kulikuwa na siku moja ya kusikilizwa, ikaahirishwa. Aprili tulisikilizwa. Hakimu aliomba stakabadhi zote mbili za asili, akaziweka mezani mojamoja, akamwuliza jirani: "Sahihi hii ni yako? Na hii?" Akajibu ndiyo. "Tarehe hii uliiandika wewe? Na hii?" Akanyamaza kidogo, akajibu ndiyo. Hakuulizwa zaidi.

Mwezi wa Juni 2022 hukumu ya pili ilisomwa. Hukumu ya kwanza iliondolewa. Jirani aliamriwa kutupa mabati ishirini au dola 200. Lakini tulikuwa tumedai pia, tangu mwanzo, fidia ya magodoro na vitabu vilivyoharibika kwa mvua. Hapo Tribinali Kubwa ilikataa, kwa sababu hatukuwa na karatasi ya kuonyesha bei ya vitu hivyo. Mtetezi wetu alituuliza kama tunataka kuendelea mpaka Korti ya Kasasio. Tukasema hapana. Korti ile hutazama kama sheria ilivunjwa, haitazami upya bei ya magodoro; na mtu mwenye kupigania haki lazima ajue pia mahali haki yake inapoishia. Jirani alilipa kwa mafungu matatu, fungu la mwisho mwezi wa Oktoba. Kila mara tulimwandikia stakabadhi, yenye tarehe kubwa iliyosomeka vema.

Kama aliposema alipokea mara moja tu alikuwa amesahau au la, hilo halimo katika hukumu, wala si kazi yetu kulihukumu. Liko hakimu ambaye hahitaji fotokopi.

MANENO YA MWISHO

Wanafunzi mnaosoma gazeti hili pamoja na wazazi wenu, wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jifunzeni kuandika tarehe, kiasi, sababu ya malipo na jina la mtu, hata mnapokopeshana kitabu. Karatasi moja yenye tarehe ilisema kweli mahali ambapo wazee wa jumuiya, mwalimu na mjomba hawakusikilizwa.

Wazazi, msiogope neno rufani. Mkishindwa kesi, ombeni nakala, isomeni mara tatu, tafuteni sentensi iliyokosea. Msipoiona, pokeeni hukumu kwa moyo mtulivu, kwa maana huenda ni ninyi msiokuwa na haki. Mkiiona, hesabuni siku, nendeni kwa karani mkiwa na mikono safi. Msitoe bahasha, msimtukane hakimu, msivunje nyumba ya mtu. Na siku ya Dominika, kesi ikiwa ingali mezani pa karani, mpeni jirani mkono wa amani.